"Alikuja na Mwarabu": Kitenzi cha Ujio katika Masimulizi ya Nasaba Vikaoni Ujiji

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna historia ya ukoo inavyosemwa mbele ya hadhira katika mji wa Ujiji, mkoani Kigoma. Hoja yake ni kwamba masimulizi ya nasaba yanayotolewa katika vikao vya posa, mirathi, hitima na arobaini hayafichi tu habari za utumwa wa karne ya 19. Yanazihifadhi pia katika sarufi, hasa katika uteuzi wa kitenzi kinachoeleza namna mhenga alivyofika ziwani. Makala yanadai kwamba mtafiti anayeisoma sarufi hiyo anabeba wajibu ambao mtafiti wa nyaraka hana.

1. Kikao kama hifadhi

Mtafiti wa nasaba aliyeko Uingereza huanza na karatasi. Madaftari ya parokia yaliamriwa kuwekwa mwaka 1538, sensa inayotaja watu kwa majina ipo tangu 1841, na vyama vya historia ya ukoo vya mitaani hukutana ili wanachama wafundishane kusoma kile kilichokwisha kuandikwa. Ujiji mambo yamepinduka. Usajili wa vizazi na vifo ulichelewa kuwafikia Waafrika wa Tanganyika, na kilichoandikwa na wageni kuhusu mji huu kinawahusu zaidi wageni wenyewe: mkutano wa Stanley na Livingstone mwaka 1871 una makumbusho yake, ilhali watu waliowabebea mizigo na kuwavusha maji hawana. Kwa hiyo anayetaka kujua babu wa babu yake alikuwa nani hungoja kikao. Hungoja arobaini, hitima, siku ya kupokea posa, au jioni ile ambayo warithi wamekutana kugawana nyumba na mzee mmoja anaombwa aeleze "tunakotoka".

Vansina alitufundisha tangu mwaka 1961 kwamba simulizi haitenganishwi na mazingira ya kusemwa kwake. Funzo hilo limekubaliwa na wote na kutekelezwa na wachache. Aghalabu mtafiti husikiliza kikao, kisha kesho yake humfuata mzee nyumbani na kinasa sauti ili apate maelezo "kamili", na kinachoingia katika tasnifu ni maelezo ya kesho yake. Naona utaratibu huo unapoteza kitu. Mzee anayehojiwa peke yake anazungumza na mtafiti. Mzee aliye kikaoni anazungumza na wakwe, na warithi, na majirani wanaojua, na kila kishazi anachokitoa kimepimwa mbele ya watu wanaoweza kukikana. Nyamaza yao ni sehemu ya ushahidi.

Historia ya mji wenyewe tunaifahamu vizuri kiasi kutokana na kazi za Beverly Brown (1973), Shun'ya Hino aliyeandika kuhusu matabaka ya kijamii ya Ujiji miaka ya 1960, Sheryl McCurdy (2000) aliyewafuatilia wanawake wa Kimanyema na vyama vyao vya uganga na uzazi, na hivi karibuni Philip Gooding (2022). Makala haya hayashindani nao. Yanaingilia jambo dogo ambalo mwanaisimu amezoea kulitazama: kishazi.

2. Mji, Wamanyema na neno "mngwana"

Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858 walikuta makazi ya ufukweni, yenye sehemu za Kawele na Ugoy, katika nchi ya Wajiji, watu wanaozungumza Kiha. Kwa miaka thelathini iliyofuata mji ulikua kwa pembe za ndovu na watu kutoka ng'ambo ya magharibi, yaani Nyangwe, Kasongo na nchi iliyoitwa Manyema. Wamisionari wa London Missionary Society walifika mwaka 1878, Mapadri Weupe mwaka uliofuata, na katika miaka ya 1880 aliyekuwa na sauti kubwa mjini alikuwa Muhammad bin Khalfan al-Barwani, maarufu Rumaliza. Wajerumani waliweka kituo chao mwaka 1896. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, bandari na ofisi zilihamia huko na Ujiji ikabaki na watu wake.

Watu hao, kwa sehemu kubwa, walijiita na kuitwa Wamanyema. Jina hilo halikuwa la kabila moja wala lugha moja. Ndani yake wamo Wakusu, Watetela, Wazimba, Wabangubangu, na pembeni yao Wabwari na Wagoma wa ufukwe wa magharibi ambao wakati mwingine huhesabiwa humo na wakati mwingine hujitenga. Wengine walivuka ziwa wakiwa mateka. Wengine wakiwa wapagazi wa ujira, askari wa bunduki, masuria, wavuvi, wafanyabiashara wadogo. Na wengine, baada ya mipaka ya kikoloni kuchorwa, walivuka wakiikimbia kodi na kazi ya lazima ya Kongo ya Wabelgiji. Utumwa wenyewe haukuisha kwa siku moja. Sheria ya Kijerumani iliwahesabu kuwa huru watoto wa watumwa waliozaliwa baada ya mwisho wa mwaka 1905. Waingereza waliufuta kisheria mwaka 1922. Maana yake ni kwamba wazee waliokuwa hai Tanganyika ilipopata uhuru waliwajua kwa macho watu waliowahi kumilikiwa.

Hapa ndipo neno mngwana linapohitaji uangalifu. Pwani, mngwana alikuwa kinyume cha mtumwa. Bara, katika misafara, neno lilipanuka: wafuasi wenye silaha wa wafanyabiashara, ambao wengi wao kwa sheria ya pwani wangeitwa watumwa, walijiita waungwana, wakamaanisha watu wa dini, wa nguo, wa Kiswahili, wasio washenzi. Ni kutoka kwao ambapo Kiswahili cha Kongo kiliitwa Kingwana. Mtafiti anayesikia Ujiji kwamba "mababu zetu walikuwa waungwana" anasikia kauli ya kweli katika maana moja na isiyothibitika katika nyingine, na msemaji anajua maana zote mbili. Kinyume chake, msamiati wa pwani unaotaja daraja za watumwa kwa usahihi, ambao Mtoro bin Mwinyi Bakari aliueleza kwa kirefu katika Desturi za Wasuaheli (1903), haumo vikaoni. Mzalia halisikiki. Mjoli, yaani mtumwa mwenza, ni neno ambalo Mkristo atalikuta katika Mathayo 18 ya Biblia ya Union na mwanafunzi atalikuta kamusini; sikumbuki kulisikia kwenye jamvi.

3. Kuja, kuja na, kuletwa

Tuchukue sentensi mbili.

(1) Babu yetu alikuja na Mwarabu kutoka Kasongo.

(2) Mwarabu alikuja na babu yetu kutoka Kasongo.

Kimuundo zinalingana: kiima, kitenzi, kirai cha na ya uandamani. Lakini mzawa wa lugha hazisikii sawa. Kuja na kuna maana ya kufuatana na mtu na kuna maana ya kuleta kitu. Aliyesema "amekuja na mzigo" hakusema mzigo ulitembea. Katika (2) babu amewekwa mahali ambapo mzigo ungekaa. Katika (1) yeye ndiye mwenye safari na Mwarabu ni mwenzake wa njiani. Vikaoni ni (1) inayosemwa na mjukuu. Njia ya tatu ni kuviunganisha viima, "walikuja pamoja", ambapo kiambishi cha wingi wa- kinamfunika mkubwa na mdogo kwa shuka moja.

Kuna kitenzi cha nne, kuletwa, na hiki ndicho kilichonifanya niandike. Kauli ya kutendwa inamwita mtenda: aliletwa na nani? Kiswahili kinamtaja mtenda huyo kwa na ileile. Kati ya "alikuja na Mwarabu" na "aliletwa na Mwarabu" kirai hakibadiliki hata herufi. Kinachobadilika ni kitenzi peke yake. Msikilizaji anayejua habari za ukoo anaweza kubadilisha kitenzi kichwani mwake bila kuigusa sentensi, na msemaji hajasema uongo wala hajasema jambo la kushtakiwa. Na kuletwa hakijapotea. Kinasikika, ila katika nafsi nyingine: sisi tulikuja, wale waliletwa. Mgawanyo huu wa nafsi ni wa kawaida kiasi kwamba naudhani kuwa kielelezo bora zaidi cha kumbukumbu ya utumwa Ujiji kuliko orodha yoyote ya majina.

Majina ndiyo yanayowavutia watafiti wengi. Inajulikana kwamba watumwa wa pwani walipewa majina kama Mabruki, Feruzi, Baraka, Majaliwa, na misafara ya Livingstone na Stanley imejaa majina ya aina hiyo. Lakini jina husafiri. Mtoto huitwa Baraka kwa babu, kwa jirani, au kwa sababu mvua imenyesha. Jengo la hoja lililosimama juu ya jina moja ni la udongo.

Kitenzi nacho kisibebeshwe kupita kiasi. Stephen Rockel (2006) ameonyesha kwa kina kwamba wapagazi wa njia ya kati, Wanyamwezi wakiwa mstari wa mbele, walikuwa wafanyakazi wa ujira wenye utamaduni na heshima yao. Mpagazi naye alikuja na Mwarabu, tena kwa miguu yake na kwa malipo yake. Kwa hiyo inafaa kukitazama kitenzi pamoja na mambo mawili. La kwanza ni nani amekaa katika kirai cha na. Nasaba inayosema "alikuja na ndugu zake wawili" inatoa picha tofauti na ile ambayo mwandani pekee wa mhenga ni tajiri asiye na undugu naye. La pili ni kama mhenga ana baba. Orlando Patterson (1982) aliuita utumwa kifo cha kijamii, akimaanisha kwamba mtumwa hukatwa na wazazi waliomtangulia na wanaokuja baada yake. Zipo nasaba za Ujiji zinazopanda vizuri, mwana wa fulani mwana wa fulani, mpaka zinafika kwa mtu aliyeshuka mtumbwini na hapo zinasimama. Hana baba, hana kijiji, ana upande tu: ng'ambo. Nasaba inaanzia ufukweni. Penye kitenzi kuja na, mwandani asiye ndugu, na mhenga asiye na baba, uwezekano ni mkubwa. Penye kimoja tu, mtafiti anyamaze.

Jambo lingine la kuongeza ni kuhusu akina mama. Kwa fiqhi ya Kishafii mtoto aliyezaliwa na suria kwa bwana wake ni huru na nasaba yake ni ya baba, kamili, bila kasoro. Nasaba ya kikaoni hufuata baba. Hivyo bibi aliyenunuliwa hutoweka bila mtu yeyote kumficha. Utaratibu wa kuhesabu ndio unaompita. Kumbukumbu yake, ikiwapo, imo uani, katika mazungumzo ya wanawake, na kazi ya McCurdy ni onyo kwa wale wetu ambao kwa miaka mingi tuliketi barazani tu.

4. Bibi aliyenunuliwa kama hati ya utawala

Isidhaniwe kwamba mhenga mtumwa ni aibu kila mahali. Mfano mkubwa kabisa wa nasaba iliyosemwa mbele ya hadhira katika nchi hizi unaelekea upande wa pili, na umeandikwa kwa Kiswahili. Katika Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaliyotolewa na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903, Tippu Tip anaeleza namna alivyopata utawala wa Utetela kabla ya Cameron kumkuta mwaka 1874. Aliwaambia watu wa huko kwamba babu yake mzaa mama, Habib bin Bushir, alimnunua mwanamke aliyetekwa kutoka katika ukoo wa mtemi wao Kasongo Rushie, na kwamba kutokana na mwanamke huyo alizaliwa mama yake. Mtemi akamkubali kuwa mjukuu na kumwachia nchi.

Kwa kawaida wanahistoria hulichukulia dai hilo kuwa la kubuni, na sioni sababu ya kulitetea. Linalonishughulisha ni kwamba lilifaa. Mbele ya hadhira ile, bibi aliyetekwa na kununuliwa hakuwa doa. Alikuwa daraja la kuingilia nyumbani, kwa kuwa watu waliopoteza binti walikuwa tayari kumpokea mjukuu. Kisa hichohicho, kama angekisema Unguja katika kikao cha posa, kingemshusha. Maudhui ni yaleyale. Hadhira ndiyo inayoamua kama ni hati au ni hukumu. Si ajabu kwamba watu wa Manyema, waliofika Ujiji wakitoka katika nchi ya hadhira ya kwanza, walijifunza upesi kusema kwa lugha ya hadhira ya pili.

5. Karema: pale paliposemwa

Ufukwe uleule una mfano wa tatu. Huko Karema, kusini mwa Ujiji, Mapadri Weupe walipokea kituo kutoka kwa Wabelgiji mwaka 1885 na kukusanya humo, pamoja na wengine, watoto na watu wazima waliokombolewa. Huko ndiko alikotumika tangu 1889 hadi kufa kwake mwaka 1956 Adrian Atiman, mganga aliyetekwa utotoni katika nchi za karibu na Timbuktu, akakombolewa na kusomeshwa udaktari Malta. Atiman alisimulia maisha yake mwenyewe katika Tanganyika Notes and Records mwaka 1946, na alianza na kutekwa. Masimulizi ya wanawake aliyoyachambua Marcia Wright (1993) kutoka ukanda wa kati ya Tanganyika na Nyasa nayo yametufikia kwa mikono ya wamisionari.

Tofauti kati ya Karema na Ujiji isielezwe kwa wepesi kwamba Wakristo walikuwa wakweli na Waislamu wasiri. Kila dini ilitoa umbo la kusimulia. Misheni ilihitaji kisa chenye giza mwanzoni na nuru mwishoni, hivyo utumwa ulikuwa sura ya kwanza isiyoweza kuachwa. Uungwana wa Ujiji ulihitaji mtu aliyekuwa Mwislamu miongoni mwa Waislamu, na sura ya kwanza haikuwa na kazi. Badala yake mji ulipata nasaba ya aina nyingine. Twarika ya Qadiriyya, ambayo Ujiji ilikuwa kitovu chake muhimu kwa upande huu wa ziwa na kuelekea Kongo na Burundi, ina silsila: mlolongo wa masheikh kutoka kwa aliyetoa ijaza hadi kwa Abdulqadir Jilani na kupanda zaidi. Mtu ambaye nasaba yake ya damu inaanzia ufukweni aliweza kusimama katika silsila inayofika Baghdad, na kuisoma kwa sauti mbele ya watu. Sijui mbadala mwingine wa nasaba uliowahi kutolewa kwa waliokatwa na wazazi wao uliokuwa mpana kiasi hicho.

6. Wakwe, warithi, na afisa

Sababu za kuchagua kitenzi zilikuwa mbili zamani, sasa ni tatu. Ya kwanza ni kufu. Fiqhi ya Kishafii inauzingatia uhuru na nasaba katika kulinganisha mume na mke, na hata familia isiyokwenda na kanuni hiyo leo inajua kwamba mjomba mmoja anaweza kuikumbuka siku ya posa. Ya pili ni mirathi. Kwa walaa, aliyemwacha huru mtu asiye na warithi wa damu alikuwa na haki katika urithi wake, na kwa hiyo kauli ya "babu alikuwa mtu wa nyumba ya fulani" inaweza kusikika kama undugu, ujirani, au madai juu ya kiwanja. Neno nyumba halitofautishi, na ndiyo sababu linapendwa.

Ya tatu ni uraia. Tarehe 9 Desemba 1961 uraia wa Tanganyika uliwaangukia, kwa ujumla, waliozaliwa nchini ambao angalau mzazi mmoja alizaliwa nchini. Mkoa wa Kigoma umepokea wakimbizi kutoka Burundi na Kongo kwa miongo mingi, kambi ya Nyarugusu ipo tangu 1996, na si siri kwa mkazi wa Ujiji kwamba jina la Kikongo au lafudhi ya ng'ambo inaweza kumletea maswali. Matokeo yake yanasikika. Mzee yuleyule anayesema kwa fahari kwamba "sisi asili yetu Manyema" hasemi "sisi asili yetu Kongo". Manyema ni neno la ukoo, Kongo ni neno la pasipoti. Katika vikao vya karibuni hata Kasongo hutajwa kwa sauti ya chini kuliko mtumbwi uliovukia, na hadithi zinazoanza "babu alizaliwa hapahapa" zinaongezeka. Miaka hamsini ijayo mtafiti atakayezikuta atadhani ni kumbukumbu za kale.

Hapo ndipo wajibu wa mtafiti unapokuwa mzito. Mwenye kusoma nyaraka za Kijerumani na kukuta hati ya uhuru ya mtu fulani amekuta jambo ambalo serikali ililiandika. Mwenye kusoma sarufi ya kikao amefichua jambo ambalo watu walio hai waliamua kwa pamoja kutolisema, na pengine yeye ndiye wa kwanza kulitamka. Kwa maoni yangu, kazi ya kitaaluma inaweza kueleza mfumo, kama nilivyojaribu hapa, bila kuufungamanisha na ukoo wowote. Ukoo ukitaka kujua juu yake wenyewe, uulize wenyewe, na jibu lipewe kikao kilichouliza.

Katika usimamizi wa tasnifu jambo hili lina sura ya kila siku. Mwanafunzi anayeandika kwa Kiingereza hulazimika kutafsiri "alikuja na Mwarabu", na kwa kuwa amekwisha kusoma historia ya biashara ya utumwa, hushawishika kuweka kitenzi cha kuletwa. Anadhani amefafanua. Kwa kweli amemtoa mzee katika (1) na kumweka katika kauli ambayo mzee huyo aliitumia kwa majirani zake tu. Kisha tasnifu inawekwa mtandaoni, na mjukuu aliyeko Dar es Salaam, jirani na Msikiti wa Manyema pale Kariakoo, anaitafuta kwa jina la mtaa wao na kumkuta babu yake ameletwa. Nimekuwa nikiwataka wanafunzi wangu waiache sentensi ya Kiswahili kama ilivyosemwa, waeleze chini yake kwamba kuja na kuna maana zaidi ya moja, waandike kikao kilikuwa cha nini na nani walikuwapo, kisha waendelee na sentensi inayofuata.